Aliyeshika Kalamu: Historia ya Utafiti Kibera na Kawangware

Mitaa iliyoulizwa maswali mengi kama Kibera ni michache barani Afrika. Leo anapita kijana wa afya akiuliza ni nani aliyeharisha wiki hii, kesho anakuja mwanafunzi wa chuo kikuu na hojaji ya kipato, na wiki ijayo shirika linaita kina mama kwenye majadiliano ya kikundi. Ukivuka Ngong Road kuelekea Dagoretti unafika Kawangware, ambayo haijatajwa sana magazetini, ila nayo imepimwa, imechorwa na kuhojiwa. Wakazi wa mitaa hii miwili wameishi na utafiti kwa zaidi ya miaka mia moja. Historia hiyo inafundisha kuhusu misingi ya utafiti kuliko kurasa nyingi za vitabu vya mbinu: jibu hutegemea njia iliyotumika kulitafuta, na njia hubadilika kulingana na mtu aliyeshika kalamu.

1904–1948: Kuhesabiwa kwa ajili ya ardhi na kodi

Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, walianza kupewa makao Kibra, yaani Kibera ya leo, mwaka 1904. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi kwamba ekari 4,197 za eneo hilo ni ardhi ya jeshi. Aliyetaka kuishi hapo alihitaji kibali, na kwa hiyo orodha za mwanzo za watu wa Kibera zilikuwa orodha za wenye vibali. Ziliweza kumwambia ofisa nani ameruhusiwa kukaa. Hazikuweza kumwambia nani anakaa kweli.

Kasoro hiyo ilikuwa ya koloni zima. Sensa za kati ya 1911 na 1931 ziliwahesabu Wazungu, Waasia na Waarabu mmoja mmoja, lakini Waafrika walikadiriwa tu kutokana na daftari za kodi. Mtu aliyekwepa kodi, mwanamke asiyeandikwa, kijana aliyeingia mjini bila kipande, wote walikosekana. Watafiti wa leo wangesema orodha ya kuchagulia watu ilikuwa na mapengo, na pengo la namna hiyo haliondoki hata hesabu ikifanywa kwa uangalifu kiasi gani, kwa sababu aliyeachwa nje ya orodha hana njia ya kuingia kwenye jibu.

Kisha ikaja Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoanza kazi mwaka 1932. Ilisikiliza mashahidi, ikapokea nyaraka, na katika ripoti iliyotolewa mwaka 1934 ikawachukulia Wanubi wa Kibera kuwa wapangaji wa Serikali ya Kifalme wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Ushahidi ulikusanywa, lakini swali liliulizwa na mwenye kutaka ardhi. Matokeo yake yamewafuata wakazi hadi leo: watu walijenga, wakazaa na kuzikana mahali ambapo hawakuwa na hati.

Kawangware ilipita njia nyingine. Dagoretti ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, na ilipoingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi iliyopanuliwa wakati wa uhuru, ardhi ilikuwa mikononi mwa familia. Wenye ardhi wakajenga vyumba vya kupangisha kwenye ploti zao. Tofauti hii ni muhimu kwa mtafiti. Kawangware unaweza kuanza na ploti, ukamtafuta landilodi, ukahesabu vyumba vinavyozunguka uwanja mmoja na choo kimoja. Kibera hakuna ramani ya ploti ya kuanzia, kwa hiyo mtafiti hulazimika kuitengeneza orodha yake kwa kutembea.

Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wa Kenya kama watu badala ya walipa kodi ilifanyika mwaka 1948.

1965–1984: Dhana mpya zinafungua macho

Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ilianzishwa mwaka 1965 katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa mara ya kwanza palikuwa na kituo cha kudumu nchini ambapo wasomi waliuliza maswali kuhusu mji wao kwa muda mrefu, bila kungoja tume ya serikali.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1972. Shirika la Kazi Duniani lilileta Kenya ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, nao wakatumia sana kazi zilizokuwa zimefanywa hapa nchini. Hadi wakati huo takwimu za ajira zilitegemea zaidi waajiri waliosajiliwa. Fundi wa sufuria, mshona viatu na mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara hawakuwa kwenye jedwali, kwa hiyo mbele ya serikali walikuwa watu wasio na kazi. Ripoti ya ujumbe huo iliwaita sekta isiyo rasmi, ikaonyesha kwamba walikuwa wakizalisha, wakiajiri na kufundishana ufundi. Nyundo ya fundi wa Kawangware ililia vilevile mwaka 1971 na mwaka 1973. Kilichobadilika ni dhana iliyowekwa kwenye fomu, na mara dhana ilipobadilika, watu waliokuwa hawaonekani wakaanza kuhesabika.

Hatua ya pili ilihusu makao. Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa ya mabanda waliitwa maskwota, neno linaloleta picha ya mtu aliyejijengea kibanda kwenye ardhi isiyo yake. Philip Amis aliifanyia Kibera uchunguzi wa kina, na katika makala aliyochapisha mwaka 1984 akauliza kama watu hawa ni maskwota au ni wapangaji. Jibu lake lilikuwa kwamba nyumba zisizo na kibali zimegeuka biashara: wengi wanalipa kodi kila mwezi kwa wenye majumba, na wenye majumba wengi hawaishi humo.

Uchunguzi wa kina wa mtaa mmoja huzaa dai zuri, lakini hauwezi peke yake kusema kama dai hilo ni kweli kwa jiji zima. Jibu la jiji lilipatikana miaka 20 baadaye. Mwaka 2004 watafiti wa Benki ya Dunia, wakiongozwa na Sumila Gulyani, walihoji kaya 1,755 zilizochaguliwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na asilimia 92 zilikuwa za wapangaji. Alichokiona Amis katika mtaa mmoja kilithibitishwa na sampuli ya jiji. Mfano huu unamaliza ubishi wa zamani kuhusu ipi ni bora, mbinu ya kuchunguza mtaa mmoja kwa kina au mbinu ya sampuli pana. Ya kwanza iligundua swali, ya pili ikalipima. Matokeo yake ni ya vitendo pia: mpango wa kuboresha makao unaomfikiria mkazi kuwa mwenye nyumba utamnufaisha landilodi na kumwacha mpangaji na kodi iliyopanda.

1993–2002: Wastani unavunjwa

Mwaka 1993 kampuni ya Matrix Development Consultants ilitoa orodha ya mitaa ya mabanda ya Nairobi. Ilikadiria kwamba asilimia 55 ya wakazi wa jiji waliishi humo, wakibanana kwenye sehemu isiyozidi asilimia 6 ya ardhi ya makazi. Wizara na wafadhili hawangeweza tena kuiita mitaa hii pembezoni mwa jiji.

Bado palikuwa na tatizo la kufichwa na wastani. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa Nairobi, 62 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na vijijini 113. Aliyezisoma takwimu hizo aliona kwamba mtoto wa mjini yuko salama zaidi. Mwaka 2000 Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika, APHRC, kiliuliza maswali yaleyale kwa namna ileile, lakini katika mitaa ya mabanda ya Nairobi peke yake. Jibu lilikuwa 151.

Idadi hiyo ilitikisa wapanga mipango ya afya. Mtoto wa mabanda alikuwa hatarini kuliko mtoto wa kijijini, na kifo chake kilikuwa kimefunikwa na uhai wa watoto wa mitaa tajiri ya jiji hilohilo. Nguvu ya uchunguzi huo ilitokana na nidhamu ya kulinganisha. Wangebadilisha maswali, mtu angedai tofauti imeletwa na maswali. Kwa kuwa hojaji ilifuata ile ya taifa, tofauti iliyobaki ilikuwa ya maisha yenyewe.

2004–2009: Namba mlangoni

Mwaka 2004 watu walioishi na kufanya biashara kando ya reli inayopita Kibera na Mukuru waliambiwa wahame. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza mwaka 1996, pamoja na shirika la Pamoja Trust, walidai watu wahesabiwe kwanza. Wakazi wenyewe wakashiriki kuhesabu.

Hesabu za Muungano hufuata utaratibu ambao kila mkazi anaweza kuukagua. Timu hupita mlango kwa mlango na kuandika namba kwenye bati au kwenye ubao wa mlango. Mpangaji na mwenye kibanda huandikwa kila mmoja kwa jina lake. Familia hupigwa picha mbele ya mlango wenye namba. Kisha orodha hubandikwa hadharani, watu wakaisoma, na aliyerukwa au aliyeandikwa mara mbili akajitokeza kulalamika. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa. Katika utafiti mwingi mhojiwa hujibu na kuondoka bila kuona kilichoandikwa. Hapa data ilipimwa na watu wanaojua ni nani analala wapi, na mtu wa nje aliyetaka kujiingiza kwenye orodha ya fidia alikuwa mbele ya majirani wanaomjua. Mazungumzo juu ya reli yakahama kutoka kufukuza hadi kuwapa watu makao mapya.

Wakati huohuo Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya, KEMRI, ikishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ilikuwa ikijenga utafiti wa aina nyingine Gatwekera na Soweto, ndani ya Kibera. Kituo chake kilikuwa zahanati ya Tabitha, yenye jina la muuguzi Tabitha Atieno Festo. Muuguzi huyo alianzisha zahanati ndogo Kibera kutokana na mtaji wa shilingi 2,000 aliokuwa amepewa auze mboga, na mwaka 2001 akawa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la Carolina for Kibera. Alifariki mwaka 2004.

Watafiti waliandikisha zaidi ya wakazi 25,000. Wahoji, wengi wao wakijua vichochoro vya Kibera vizuri, waliingia kila nyumba mara moja kila wiki mbili, wakauliza kuhusu homa, kikohozi na kuharisha. Walioandikishwa walitibiwa bure zahanatini. Kwa nini kujisumbua kwenda nyumbani ilhali hospitali zina rekodi? Kwa sababu rekodi ya hospitali humwona aliyefika hospitali. Aliyekosa nauli, aliyenunua dawa dukani, mtoto aliyekufa usiku, hawamo. Ukijua idadi ya watu wote na idadi ya waliougua, ndipo unapopata kiwango halisi cha ugonjwa.

Taifodi ilithibitisha thamani ya njia hiyo. Timu hiyohiyo ilifuatilia pia wakazi wa Lwak, eneo la mashambani magharibi mwa Kenya, kwa utaratibu unaofanana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Kibera, na 29 huko Lwak, hata kabla ya kuongeza makadirio ya wagonjwa ambao hawakupimwa damu. Wengi walikuwa wamezoea kuuhesabu ugonjwa huu kuwa tatizo kubwa la Asia kuliko Afrika. Kibera ikawa miongoni mwa ushahidi uliobadilisha fikra hiyo, na mwezi Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi.

Kawangware nayo ilikuwa kwenye utafiti wa afya wa wakati huo. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Nairobi na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, walichunguza Dagoretti kama ng'ombe wa maziwa wanaofugwa katikati ya nyumba huambukiza watu vimelea vya kuharisha. Waliingia kaya 300 zenye ng'ombe, kisha kaya 100 za majirani wasiofuga. Wale majirani ndio msingi wa hoja. Bila wao ungewahesabu wagonjwa kwenye nyumba za wafugaji na kuwalaumu ng'ombe, bila kujua kama nyumba ya pili isiyo na ng'ombe ina wagonjwa wale wale.

2008–2011: Milioni moja yaporomoka

Kwa miaka mingi Kibera ilisemwa kuwa na watu milioni moja, na wengine walisema zaidi. Idadi hiyo iliandikwa kwenye maombi ya ufadhili, ikatajwa na wanasiasa, ikarudiwa na wageni. Kila aliyeitaja alimtegemea aliyemtangulia, na mnyororo huo haukuwa na mtu aliyehesabu mwanzoni.

Hesabu ndogo ingetosha kutia shaka. Eneo la Kibera yenyewe, ile ya mabanda, ni takriban kilomita za mraba 2.5. Watu milioni moja wangepata mita za mraba 2.5 kila mmoja, na hapo ndani uweke njia, mitaro, vyoo, shule, makanisa, misikiti na vibanda vya biashara. Chumba cha kawaida cha futi kumi kwa kumi kina zaidi ya mita za mraba tisa. Nyumba nyingi hazina ghorofa. Hesabu haiwezekani.

Zilikuja njia tatu tofauti. Mradi wa Stefano Marras uliwafundisha wakazi kuhesabu kijiji cha Kianda; walikusanya data za zaidi ya watu 15,000 na kuchora majengo 5,000, kisha wakakadiria Kibera nzima kuwa na watu kati ya 235,000 na 270,000. Sensa ya taifa ya Agosti 2009, iliyotangazwa mwaka uliofuata, ilisema 170,070. Mwaka 2011 Amélie Desgroppes na Sophie Taupin, kupitia taasisi ya Ufaransa ya utafiti jijini Nairobi, waliunganisha picha za setilaiti na hesabu ya nyumba kwa nyumba, wakapata karibu watu 200,000.

Majibu haya hayafanani, na hayapaswi kufanana. Sensa huwakosa wasiokuwepo na wasiomwamini karani. Kuzidisha hesabu ya kijiji kimoja hudhani vijiji vingine vimebanana vilevile. Picha ya setilaiti huona bati lakini haioni watu walio chini yake. Kila njia ina udhaifu wake, na udhaifu huo ni wa aina tofauti. Ndiyo maana zote tatu zikielekea upande mmoja, mbali na milioni, tunaweza kuziamini pamoja kuliko tunavyoweza kuiamini yoyote peke yake.

Kuna waliohofia kwamba idadi ndogo ingefukuza misaada. Hofu hiyo ilieleweka, lakini takwimu ya uongo huumiza: ukigawanya vyoo, madarasa na mabomba ya maji kwa idadi ya watu wasiokuwepo, huwezi kujua mahali penye upungufu mkubwa zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 2009 pengo jingine lilizibwa. Kwenye ramani zilizokuwa wazi kwa umma Kibera ilikuwa doa tupu. Erica Hagen na Mikel Maron waliwafundisha vijana kumi na watatu wa mtaa huo kutumia vifaa vya GPS. Walitembea vichochoro vyote, wakaandika mahali pa maji, vyoo, zahanati, shule na maeneo ya hatari usiku, na kuviweka kwenye OpenStreetMap. Map Kibera ikazaliwa. Kuamua kipi kiingie kwenye ramani ni kazi ya utafiti, na vijana hao waliweka vitu ambavyo mchora ramani wa mbali asingejua kuviuliza.

Miaka ya 2010: Majaribio, na utabiri wa wenyeji

Muongo uliofuata ulileta majaribio. Kituo cha Busara jijini Nairobi kiliwaita wakazi wa mitaa ya mabanda kwenye maabara ya uchumi wa tabia, yenye skrini za kugusa ili asiyesoma vizuri naye ashiriki. Mantiki ya jaribio ni nyepesi: wagawanye watu kwa bahati nasibu, badilisha jambo moja tu, kisha angalia kama vikundi vinatofautiana. Watu wakiwa wengi, bahati nasibu hufanya wenye bidii, wenye elimu na wenye shida watawanyike karibu sawa pande zote.

Mwaka 2020 Catherine Thomas na wenzake walichapisha utafiti uliowashirikisha watu 565 wa Kibera na Kawangware. Wote walipewa pesa, lakini maneno yaliyoambatana nazo yalitofautiana. Kundi moja liliambiwa pesa ni za kupunguza umaskini, la pili kwamba ni za kumwezesha mtu kufikia malengo yake, la tatu kwamba ni za kumwezesha kuinua pia familia na jamii yake. Kisha wakachagua kutazama video za burudani au za mafunzo ya biashara. Ujumbe wa jamii ndio uliowasukuma zaidi kuchagua mafunzo, na ukapunguza aibu ya kupokea msaada.

Sehemu ya pili ya utafiti huo ina uzito mkubwa zaidi. Watafiti waliwaomba wapokeaji watabiri ni ujumbe upi ungewahamasisha watu wa mtaa wao. Utabiri wa wenyeji ulipanga jumbe hizo kwa usahihi kuliko majaribio madogo ya awali. Ujuzi wa mtaa, ambao kwa miaka mia moja ulichukuliwa kuwa malighafi ya kuchambuliwa na wengine, ulipimwa kama chombo cha utafiti na ukafaulu.

Tangu 2010: Sheria, na deni lililobaki

Sheria nayo imesogea. Sheria ya mwaka 2013 iliunda tume ya NACOSTI, na hakuna anayeruhusiwa kufanya utafiti bila leseni yake. Katiba ya 2010 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa zako aeleze kwa nini anazihitaji.

Kwa hiyo mkazi anayebishiwa mlango leo ana haki ya kuuliza naye. Nani anagharimia kazi hii? Nyumba yangu ilichaguliwa vipi? Jina langu litahifadhiwa wapi? Na matokeo tutayasikia lini? Mtafiti aliyejiandaa atajibu yote manne bila kusita, na asiyeweza kuyajibu hastahili muda wa mtu anayetafuta riziki.

Swali la nne ndilo lenye deni kubwa. Kibera na Kawangware zimetoa tasnifu na shahada nyingi, lakini ni mara chache matokeo husomwa kwenye baraza la chifu au ukumbi wa kanisa, kwa lugha ambayo mtoa jibu anaielewa. Mitaa hii sasa ina wahoji wazoefu, wachora ramani na watu waliothibitisha kwamba wanaweza kutabiri kwa usahihi kuliko majaribio madogo ya watafiti. Vyuo vikuu, kaunti na wafadhili wawape nafasi ya kuchagua swali, na waweke fedha za kurudisha majibu kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Pendekezo lisilo na fungu hilo lisipewe leseni.